Windows ndani ya Linux Mint kwa virt-manager: maoni ya mhasibu wa Lubumbashi

Hukumu kwanza: virt-manager, programu ya Linux ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), inafaa, ni ya bure, na sijaona sababu ya kuiacha. Kasoro yake ni kwamba mambo yakikwama, haisemi ukweli wote. Inajua kuendesha mashine pepe vizuri sana, ila kueleza kwa nini imegoma, hapo ndipo inaposhindwa.

Mimi nashika vitabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Lubumbashi: depo ya simenti kule komini ya Kenya, famasia za Kampemba, mama mmoja anayeuza vitenge. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na sasa hesabu zetu zinafuata mpango wake wa akaunti, na programu niliyoizoea kwa kazi hiyo inataka Windows tu. Kompyuta yangu, HP EliteBook ya mkono wa pili yenye RAM ya GB 8, inatumia Linux Mint, na kurudi nyuma sitaki. Basi Windows imepewa chumba humo ndani kama mpangaji: ina diski yake, ina GB 4 za RAM, na haigusi vitu vya mwenye nyumba.

Wengi watauliza kwa nini si VirtualBox, maana ndiyo inayojulikana zaidi mjini. Ni programu nzuri, na skrini zake zinaeleweka haraka. Ila kwenye Linux inakuja na moduli (vipande) zake za kerneli, kiini cha Linux, ambazo lazima zijengwe upya kila kerneli inapobadilika, na kama Secure Boot (ulinzi unaokagua saini wakati kompyuta inawaka) imewashwa zinataka kutiwa saini pia. KVM, ambayo virt-manager inaitegemea, imo ndani ya kerneli yenyewe tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Hakuna cha kujenga upya. Tena usiziweke zote mbili ukidhani utachagua baadaye: kuanzia kerneli 6.12, KVM inashika VT-x (uwezo wa prosesa ya Intel wa kubeba mashine pepe) mara tu moduli yake inapopakiwa, na VirtualBox ikifika inaweza kukuta mlango umefungwa. Dawa ipo, `sudo modprobe -r kvm_intel` kabla ya kuifungua, lakini nani anataka kuandika hiyo kila asubuhi?

Sasa ubaya wenyewe. Kama VT-x imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka), virt-manager haikatai kazi. Inaweka onyo dogo kwamba KVM haipatikani, kisha inakuruhusu uendelee, na QEMU, programu inayoendesha mashine yenyewe chini ya virt-manager, inaanza kuigiza prosesa nzima kwa programu tupu. Windows itawaka, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Mtu asiyejua atasema kompyuta imechoka, ataenda kununua RAM bure. Onyo hilo lingepaswa kusimamisha kila kitu. Kabla ya kuunda chochote, weka kifurushi cha `cpu-checker` na uandike `kvm-ok`. Ikikuambia KVM inaweza kutumika, endelea. Ikikataa, zima, washa huku ukibonyeza F10 (kwa HP), utafute Virtualization Technology, uweke alama, uhifadhi.

Na hapa wanunuzi wa mashine za mkono wa pili wafungue macho. Duka moja mjini liliniuzia kompyuta safi kabisa kwa nje, kumbe BIOS ilikuwa bado na nywila ya kampuni ya kwanza, na bila hiyo huwashi VT-x. Muuzaji alikubali kunibadilishia bila maneno mengi, lakini ningeweza kuokoa nauli kwa kubonyeza F10 palepale mezani. Fanyeni hivyo kabla ya kutoa pesa, hata muuzaji akinuna.

Tatizo linalofuata linawakamata karibu wote. Unapakua ISO ya Windows (faili la kusakinishia), inakaa kwenye folda yako ya kawaida, unaichagua, na virt-manager inasema ruhusa imekataliwa. Unashangaa, faili ni lako! Lakini anayeisoma si wewe. Ni mtumiaji mwingine wa mfumo anayeendesha QEMU, naye haruhusiwi kuingia kwenye folda yako. Hamisha ISO kwenda `/var/lib/libvirt/images`, kelele zinaisha. Kuna watu wanaofungua folda yote ya nyumbani kwa kila mtumiaji; mimi nina faili za wateja humo, siwezi.

Ila ukishahamia huko, diski ya mashine pepe nayo inakaa huko, na huko ni kwenye sehemu ya mfumo. Waliogawa diski yao na kuuacha mfumo na GB 30 wataipata. Faili lake, la aina ya qcow2, unalolitangaza kuwa GB 60 halichukui nafasi yote siku ya kwanza, linakua polepole, mpaka siku nafasi inakwisha. Hapo Windows haizimiki wala haitoi kosa: inaganda. Virt-manager inaandika tu kwamba mashine imesimamishwa, unabonyeza kuendelea, inasimama tena. Nimewahi kuitwa na mwenzangu wa Bel-Air aliyekuwa tayari kusakinisha upya kila kitu kwa sababu hiyo. `df -h`, amri ya kupima nafasi ya diski, ilionyesha asilimia 100. Tulifuta vifurushi vya zamani vya masasisho, tukabonyeza kuendelea, ankara yake ilikuwa bado wazi pale alipoiacha. Kwa usalama wa data nawapa sifa, maana kusimama ni afadhali kuliko kuharibu. Lakini andikeni basi kwamba diski imejaa!

Kuhusu kasi: kwa Windows 10, virt-manager huchagua diski ya SATA, inayokubalika bila dereva. Inatosha kwa kuanza. VirtIO, aina iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, ni nyepesi zaidi, na kwenye programu ya hesabu inayosoma mafaili madogo mengi utaona tofauti. Usibadilishe ghafla tu, utapata skrini ya bluu. Ongeza kwanza diski ndogo ya pili ya aina ya VirtIO, washa Windows, weka madereva kutoka ISO ya virtio-win, zima, halafu ndipo ubadilishe diski kubwa na kuiondoa ile ndogo. ISO hiyo ni zaidi ya MB 500, na ya Windows ni karibu GB 6, kwa hiyo mimi nilienda na diski ya nje kwa rafiki mwenye fibre huko Golf. Kuzivuta kwa mega (data) za simu ni kujitesa.

Mega zenyewe ndizo zilizonifanya niipende virt-manager. Kwenye maelezo ya kadi ya mtandao kuna kisanduku cha kuonyesha kama kiungo kipo. Ukiondoa alama, Windows inaamini kebo imechomolewa. Haivuti masasisho, haili forfait (kifurushi cha data). Na kwa kuwa Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuiweka nje ya intaneti ni busara pia. Mafaili yanaingia na kutoka kwa flashi, ninayoiunganisha kama kifaa cha USB. Baba wa simenti aliponiona nikifanya hivyo alicheka: "Mama, hii kompyuta yako iko na kompyuta ingine ndani, na unaifunga njaa?"

Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, nayo ina jibu. Betri ikikaribia kuisha, kwenye menyu ya kuzima nachagua kuhifadhi: hali yote ya Windows inaandikwa kwenye diski, na umeme ukirudi naendelea kwenye mstari uleule wa jarida. Angalieni kitu kimoja tu. Mashine iliyohifadhiwa Ijumaa na kuamshwa Jumatatu inaweza kudhani bado ni Ijumaa, na bila intaneti haina mahali pa kuulizia saa. Kwa mwandishi wa barua hilo ni dogo, kwa mhasibu ni ankara yenye tarehe ya uongo. Mwisho wa juma nazima Windows kabisa; katikati ya siku, natazama saa ya kona kabla ya kuandika chochote.

Mwenye RAM ya GB 4 asijisumbue. Linux na Windows zitanyang'anyana kumbukumbu mpaka zote mbili zishindwe, na hapo hakuna kisanduku cha kubonyeza.