Walimu nawapa tano, dirisha la mhasibu sifuri

Wazazi mnaniuliza kila siku sokoni kama chuo cha Walutheri anakosomea uuguzi binti yangu kinafaa. Nianze na dirisha la mhasibu wa chuo, maana ndilo linalonikosesha usingizi mpaka leo. Lina nondo za kijani, chini yake kuna upenyo wa kupitisha mkono, na juu wamebandika karatasi imeandikwa MALIPO. Tulifika hapo saa nne asubuhi mimi na binti yangu, usiku kucha tuko kwenye basi, na mizigo yote miguuni: godoro limefungwa kamba, ndoo, ufagio, tranka. Binti akasogea, akaamkia, "Shikamoo." Kijana aliyekuwa ndani hakuitika. Uso hakuinua. Mimi ni mtu wa Ng'ambo, Tabora mjini, na kwetu mtoto akikuamkia ukanyamaza umemtukana yeye na aliyemzaa.

Nikapitisha risiti ya ada. Hapa niseme ukweli wangu: ile risiti ilikuwa imefifia. Nililipia kwa wakala wa benki huku Tabora, nikaitia kwenye nailoni pamoja na kitambulisho changu, na karatasi zile za mashine mnazijua, wino unaondoka wenyewe. Yule kijana akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akasema, "Mama, hii ni karatasi nyeupe." Nikamwomba, "Baba, hela imeingia, tarehe nimeiandika nyuma kwa kalamu, angalia kwenye akaunti yenu." Akasema hawawezi kuangalia taarifa ya benki kila mtu anapokuja, nirudi nilikolipia nikalete uthibitisho. Nikamwambia nimelipia Tabora. Ndipo akacheka kidogo, akaniuliza, "Kwani huko Tabora hakuna vyuo?" Akashusha pazia.

Laki saba na nusu ile. Wanaoniona sokoni na ndoo zangu za asali wanajua imetoka wapi. Nanunua kwa warina asali wa upande wa Sikonge, nachuja mwenyewe, najaza chupa moja moja. Hata siku ile nilikuwa nimebeba chupa moja kubwa ya asali mbichi, zawadi ya ofisi, maana si vizuri kumkabidhi mtoto kwa watu mikono mitupu. Pazia liliposhuka niliirudisha chupa kwenye mkoba. Tukakaa juu ya tranka mpaka alasiri.

Chuo sikitaji. Ni cha afya, ni kidogo, ni cha dayosisi, yaani jimbo la askofu, mojawapo ya KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na hakiko mkoani kwetu. Inatosha. Na hilo neno dayosisi lishikeni, kwa sababu mimi sikulijua. Nilidhani "cha KKKT" maana yake vyuo vyote ni kimoja, kama idara za serikali. Sivyo. Kanisa lenyewe lilipatikana mwaka 1963 kwa makanisa saba kuungana, na mpaka leo dayosisi ndiyo inayomiliki hospitali zake na vyuo vyake. Kwa hiyo ukisikia sifa za chuo kikuu cha Makumira kule Arusha, usidhani ndizo sifa za chuo kidogo cha dayosisi. Na ukiwa na malalamiko, barua yako inakwenda kwa dayosisi yenye chuo. Mimi yangu ya kwanza niliipeleka pasipohusika.

Watu waliniuliza sana kwa nini Muislamu anampeleka mtoto kwa Walutheri. Shemeji yangu alisema waziwazi kwamba nampeleka akabatizwe. Nikamuuliza, wewe mwenyewe nani alikushona mguu? Nani kwetu hajalazwa Nkinga kwa Wapentekoste, au Ndala kwa Wakatoliki, au Sikonge kwa Moraviani? Tumetibiwa na hao miaka yote na hakuna aliyetuuliza dini. Walutheri tu ndio hatukuwazoea, kwa kuwa kwetu ni wachache. Nikaona ajabu gani mtoto akisomea kazi ileile kwao?

Kitu kilichonipeleka ni udogo wa chuo. Mwanangu ni mpole, wa kukaa nyuma. Kaka yake alisoma chuo kikubwa cha mjini, akaugua wiki mbili na hakuna mkufunzi aliyejua. Nikasema huyu simpeleki kwenye umati. Darasa lao hawafiki arobaini. Nilihakikisha kwanza chuo kina usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya namna hii, na hilo nawaomba wazazi msiruke hata kama aliyewaletea habari ni mchungaji au shehe. Halafu kuna jambo la masomo. Binti alikuwa na B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, na kaka yangu akashikilia kwamba kanisa litamwekea kinyongo kwa hilo. Kumbe kwa kozi ya uuguzi masomo ya dini hayahesabiwi kabisa, ya dini yoyote. Wanataka ufaulu wa masomo manne mengine, na Biolojia, Kemia na Fizikia zimo humo. Mwenzake wa Kikristo Maarifa ya Biblia yake nayo haikuhesabiwa. Tukanyamaza wote.

Turudi kwenye tranka. Alasiri akapita mama mmoja wa makamo, amevaa kanga juu ya gauni, akasimama akatutazama. Ndiye matroni. Binti akaamkia, akaitikiwa "Marahaba mwanangu, umekula?" Jamani, nililia pale pale. Hakuuliza risiti. Alilichukua godoro akalitia kichwani mwake, akatangulia, akatuonesha kitanda, akamwambia binti achague cha juu au cha chini. Kisha akanishika mkono mpaka kwa msajili. Msajili akapiga simu benki, akataja tarehe niliyoiandika nyuma ya ile karatasi, akasubiri, akasema, "Ipo." Dakika kumi. Kitu cha dakika kumi tumekikalia tangu saa nne! Asali ilikwenda kwa matroni.

Usiku ule niliapa nitamhamisha. Nilimwambia binti, vumilia muhula huu, nitatafuta pengine. Akanijibu, "Mama, mhasibu hanifundishi." Sikuwa na neno.

Na kwa kweli wanaomfundisha sina la kuwalaumu. Mchungaji wa chuo wiki ya kwanza aliwaita wasio Walutheri, akawaeleza kwamba ibada ya asubuhi ipo kwenye ratiba na wanatakiwa wawepo, lakini meza ya Bwana si ya kulazimishwa, mtandio unaruhusiwa kwa rangi ya sare, na Ramadhani jikoni watawekewa daku. Nilisubiri nione kama ni maneno tu. Daku iliwekwa. Mimi bado sipendi kwamba ibada ni lazima, na sitajifanya napenda, lakini niliambiwa mapema na sikudanganywa.

Halafu likizo akaja nyumbani. Bibi yake yuko Isevya, ana presha ya siku nyingi. Binti alimwendea na kile kipimo cha mkono alichoazima kwa jirani muuguzi. Alinawa mpaka viwiko. Akamkalisha bibi, akamwambia aache kusimulia kwanza, apumzike, mguu asikunje. Akafunga kitambaa mkononi, akaweka mipira ya kusikilizia masikioni, macho yake hayaondoki kwenye mshale. Akapima, akaandika kwenye daftari, akapima tena. Yule mtoto wa kukaa nyuma! Bibi aliponiangalia nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga. Siku hiyo niliwasamehe wote, hata dirisha. Nilitaka niandike hapa chuo hiki ni cha tano kwa tano, waleteni watoto.

Nafuta hayo.

Kwa sababu nilipomrudisha muhula uliofuata nilikuta pale dirishani baba mmoja wa Kigoma na binti yake. Ametoka Kasulu, siku mbili njiani, suruali imejaa vumbi. Risiti yake ilikuwa safi, inasomeka, ila alipolipa aliandika jina lake mwenyewe badala ya jina la mwanafunzi. Kijana yule yule, pazia lile lile. "Mzee, sisi hatuna mwanafunzi mwenye jina hili." Mzee anamwonesha cheti cha kuzaliwa cha mtoto, jina la baba lipo palepale, halisomwi. Binti amegeukia ukutani analia bila sauti. Nikaenda dirishani nikagonga nondo kwa ufunguo. Nilisema mengi, na mengine si ya mtu mzima kuyasema. Nikamchukua yule mzee mkono mpaka kwa msajili, njia naijua.

Msajili ana adabu zake, mkuu wa chuo ni mtu wa watu, barua yangu ya pili wameipokea na kunijibu kwamba litashughulikiwa. Mpaka naandika, yule kijana yupo. Sasa niwaambie nini wazazi wa Tabora na Kigoma mnaoniuliza kila siku sokoni? Kwa masomo na malezi, ndiyo, mpeleke. Kama mtoto wako ni mpole anapotea kwenye vyuo vikubwa, mpeleke haraka. Kama hela yako ni ya kudunduliza na wewe mwenyewe huwezi kusafiri naye siku ya kwanza, hapo sijui, naogopa kukuambia ndiyo. Mtoto wa miaka kumi na minane peke yake mbele ya dirisha lile angelala nje.

Ukilipia kwa wakala, vuka barabara utoe kopi ya risiti siku hiyohiyo, tena mbili, na uipige picha. Jina liandikwe la mwanafunzi, majina matatu kama yalivyo kwenye cheti. Chuoni usiondoke bila stakabadhi yao yenye mhuri.

Awamu ya pili nimelipa juzi. Nilisimama kwa wakala nikamtajia jina la binti herufi moja moja, akanisomea, nikamwambia rudia. Kopi tatu ninazo. Na nauli ya kwenda kuzipeleka kwa mkono wangu nimeshaiweka kando, pamoja na chupa ya matroni.