Dubai mpaka Guangzhou bila kusimama: uzoefu wangu wa masaa ya hewani

Sie tunaofuata mzigo China kutokea Dar wengi tunapita Dubai, na kila anayetaka kwenda mara ya kwanza ananiuliza kutoka hapo Dubai mpaka Guangzhou ni masaa mangapi. Kwenda ni saba na ushee, kurudi ni nane na zaidi, na umbali ni uleule, kama kilomita 5,830.

Tiketi ndo inawachanganya watu, kwa sababu muda wa kuondoka wanaandika kwa saa za Dubai na wa kufika kwa saa za China. Ile ya mchana niliyopanda mimi inaruka saa nne na nusu asubuhi inatua Guangzhou saa nne kasoro usiku, ukihesabu unapata masaa kumi na moja na dakika zake unaanza kuingiwa na hofu, kumbe China wako mbele ya Dubai masaa manne, toa hayo manne. Kurudi sasa, unaondoka saa sita usiku unatua saa kumi na nusu alfajiri, yani kwenye tiketi ni kama masaa manne na nusu tu, usidanganyike kabisa, ongeza manne mengine.

Kinachorefusha kurudi ni upepo. Huko juu, futi elfu thelathini na kitu, kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na Disemba mpaka Februari ndo unakuwa na nguvu zaidi. Mi skrini ya mbele yangu naiacha kwenye ramani safari nzima, na tulipoikata India kuelekea Myanmar kasi ilikuwa imepita kilomita 1,000 kwa saa, wakati wa kurudi maeneo yaleyale ilikuwa inasoma mia nane na kidogo, na ndege ni aina ileile.

Huduma nzuri, chakula kinashiba, wahudumu wana adabu. Kilichonikera ni kufungiwa madirisha saa saba mchana, ndege nzima giza, watu wanalazimishwa usingizi usiokuwepo, afu ukifika usiku ndo macho makavu. Hata hivyo naichagua hiyohiyo ya mchana, kwa sababu unafika unaenda moja kwa moja kupumzika.

Muda unaoliwa kweli ni wa kusubiri Dubai. Dar mpaka hapo ni kama masaa matano na nusu tu, lakini ukitoka Dar jioni unafika karibu na saa sita usiku unakaa kwenye viti mpaka asubuhi, kwa hiyo kabla ya kulipia angalia pengo kati ya ndege na ndege, bei baadaye.

Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, ukitua kuna foleni ya alama za vidole na mabegi, metro ya laini namba 3 ipo ila kwa saa hizo inakaribia kufunga, panda teksi. Na usiweke miadi ya saa tatu asubuhi kesho yake pale Sanyuanli, mtaa wa masoko ya jumla hapo Guangzhou, kwa mwili uliotoka Dar hiyo ni saa kumi alfajiri, bei utapangiwa ukiwa unasinzia.