Tahadhari: "seti ya mlima" inayouzwa Tanga kwa simu ni chuma laini kilichopakwa rangi

Ndugu zangu wa bodaboda, na wote mnaoendesha pikipiki Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga, naomba msome hii kabla hamjatuma hela kwa mtu anayetangaza "seti ya mlima", yaani cheni na sproketi zake (yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni), kwenye magrupu ya simu. Mimi nimepigwa. Hela iliyokwenda ni shilingi 48,000 pamoja na ya kusafirisha mzigo, na hiyo nitaitafuta tena. Kinachoniuma ni abiria wangu, mzee wa watu, aliyeanguka kwenye kona za mlima wa Amani kwa sababu ya vyuma ambavyo nilisimama mimi mwenyewe kwa fundi vikifungwa.

Jina la muuzaji siliandiki. Suala liko polisi, halafu ana laini zaidi ya moja na kila laini ina jina lake; ukikariri hili, kesho atakuja na lile. Bora mjue mzigo wake unavyofanana na maneno anayoyatumia.

Kijiwe changu kiko Ngamiani, lakini siku mbili kwa wiki napanda Amani kuchukua hiliki na mdalasini za mama mmoja anayeuza viungo mjini. Mnaoijua njia hiyo hamhitaji kuelezwa. Tanga mpaka Muheza ni lami. Ukishaiacha Muheza kupitia Bombani na Kisiwani, wakati huo ilikuwa vumbi na mawe, na ukipita Sigi ni kupanda tu, kona juu ya kona, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza kama mlenda. Pikipiki yangu ilitoka dukani na sproketi ya meno 14 mbele na 42 nyuma. Kwenye lami iko vizuri kabisa. Kule juu, nikiwa na abiria na gunia, gia ya pili inakufa na ya kwanza inalia mpaka unaionea injini huruma. Nikawa natafuta ya nyuma yenye meno 45.

Ndipo nikaona tangazo. Picha nzuri, boksi lina chapa ya kampuni inayojulikana, sproketi zinang'aa. Nikapiga simu, akanitumia na ujumbe wa sauti: "Kaka, hii ni ya mashindano. Mlimani inavuta kama trekta, ukishuka lami unagonga mia na ishirini." Uongo wake wote ulikuwa kwenye sentensi hiyo, na mimi sikuusikia. Naomba nieleze hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu anatupata wengi kwa kuwa hatujazoea kupiga hesabu ya meno.

Chukua meno ya nyuma, gawa kwa ya mbele. Kwangu ni 42 kwa 14, jibu ni 3. Maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndipo gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Ukiweka 45 nyuma, jibu linakuwa 3.21: injini inazunguka zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwa hiyo unapata nguvu ya kupanda na unapoteza mwendo. Kama kwa resi fulani ulikuwa unakwenda kilomita 80 kwa saa, sasa kwa resi ileile utakwenda kama 75. Ukienda upande wa pili, ukaweka 15 mbele na kuacha 42 nyuma, jibu ni 2.8: resi ile ya 80 inakupa karibu 86, injini inatulia kwenye lami ya Segera, lakini mlimani utashuka usukume. Hakuna sproketi inayokupa vyote viwili. Anayekuahidi nguvu mlimani na spidi lami kwa seti moja, ama hajui anachouza ama anajua sana.

Jingine ambalo lingeniokolea hela: jino moja la mbele ni karibu sawa na meno matatu ya nyuma. Ningebadilisha ya mbele tu kutoka 14 kwenda 13, ningepata 3.23, zaidi kidogo ya kile nilichokuwa nakitafuta, kwa bei ya sproketi ndogo peke yake. Tena meno 45 nyuma mara nyingi yanadai cheni ndefu zaidi, wakati 13 mbele unavuta tu gurudumu nyuma kidogo kwenye ekseli basi. Ubaya wake ni kwamba sproketi ndogo inaikunja cheni zaidi, cheni inalika mapema. Kwa hiyo kwa anayekwenda mlimani mara moja moja, ushauri wangu ni kuwa na za mbele mbili, 14 ya mjini na 13 ya Amani au Lushoto. Kuibadilisha ni kazi ya dakika ishirini kwa mwenye spana. Kwa anayekaa mjini tu, aache namba za kiwandani kama zilivyo.

Turudi kwa mzigo. Alitaka hela yote kwanza. Boksi likaja kwa basi, nimelipokea stendi ya Kange, limezungushiwa gundi ya karatasi pande zote. Nikalipeleka moja kwa moja kwa kijana anayenifungia pikipiki. Alipoikunjua cheni akasema, "Bro, mbona ina klipu mbili?" Nikamwambia afunge tu, nina safari. Hilo nalibeba mimi. Cheni mpya inakuja kipande kimoja na kiungo kimoja cha kuungia. Ukiona klipu mbili, jua ni cheni mbili za zamani zilizokatwa sehemu zilizochoka, zikaunganishwa na kuoshwa.

Wiki ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili nikaanza kusikia mlio, kra, kra, kila ninapoondoka na abiria. Nikakaza cheni. Baada ya siku tatu imelegea tena. Nikakaza tena. Siku ya kumi na tisa, juu ya Sigi, nimempakia mzee mmoja na gunia la hiliki, cheni ikaruka meno mara mbili kisha ikatoka. Pikipiki ikakosa nguvu katikati ya mlima na kuanza kurudi nyuma. Nikashika breki, matairi yakaburuta kwenye tope, tukalala ubavu. Mzee alishonwa nyuzi nne gotini. Cheni tuliikuta imejikunja nyuma ya sproketi ya mbele, imebana kiasi kwamba gurudumu halizunguki. Kama ingetoka nikiwa kwenye mwendo wa 70 kwenye lami, gurudumu lingefunga palepale, na nyuma yetu kuna malori.

Nilipofika Muheza nikaenda kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye amefungua pikipiki tangu mimi sijazaliwa. Nikamwamkia, akaitikia huku ameshaichuchumalia. Akaifungua sproketi ya nyuma, akaipangusa kwa kitambaa, akaishika juani. "Mwanangu, hii nani kakuuzia?" Meno yalikuwa yameshalala upande mmoja, yamechongoka kama pezi la papa, kwa siku kumi na tisa tu. Akachukua tupa ya kunolea mapanga akaipitisha kwenye jino mara moja. Tupa ikauma. Unga wa chuma ukadondoka kwenye kiganja chake. Kisha akaniambia nitoe ile yangu ya zamani ya kiwandani, nilikuwa nayo kwenye begi, akapitisha tupa ileile kwenye meno yake. Ikateleza kama inapita juu ya chupa. Akanieleza kwamba meno ya sproketi nzuri huchomwa moto na kupozwa ghafla ili yawe magumu. Yangu ilikatwa kwenye bati la kawaida ikapakwa rangi, basi.

Halafu akatoa kifaa cha kupimia unene. Ya zamani: milimita 7.1. Ya "mlima": 5.9. Hapa ndipo penye ujanja mkubwa, sikilizeni vizuri. Pikipiki nyingi zetu zinatumia cheni 428. Ipo nyingine, 420. Zote mbili, kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, milimita 12.7. Tofauti kubwa iko kwenye upana wa ndani: 428 ina karibu milimita 8, 420 ina 6.35. Kwa hiyo sproketi ya 420 inaingia kwenye cheni ya 428, gurudumu linazunguka, unaondoka umeridhika. Lakini cheni inayumba kushoto na kulia juu ya jino jembamba, na uzito wote unabebwa na chuma kidogo. Kwenye sproketi yangu kulikuwa na 428 iliyogongwa kwa mkono, namba zimepinda, na chini yake ukiigeuza kwenye mwanga unaona alama ya grainda iliyofuta namba nyingine.

Tukahesabu meno. Boksi linasema 45. Yalikuwa 43. Piga hesabu: 43 kwa 14 ni 3.07, sawasawa na kutobadilisha kitu. Ndiyo maana mlimani sikusikia ile nguvu niliyoilipia, nikadhani labda injini yangu imechoka.

Sproketi ya mbele ndiyo iliyomfanya fundi anyamaze kabisa. Meno yake ya ndani, yale yanayokaa kwenye shafti inayotoka gia boksi, yalikuwa yamelegea. Ukiishika kwa vidole inacheza. Ikicheza hivyo inaitafuna shafti, na shafti ikiisha, injini inafunguliwa katikati. Mimi nimewahi kwa bahati. Ukiwa umeshanunua kwa mtu huyu, anza kukagua hapo leo: zima pikipiki, toa kava, shika sproketi ya mbele uitikise. Ikigonga, itoe.

Nilipompigia muuzaji alisema, "Bosi, mzigo ukishafungwa haurudi." Nikamtumia picha za tupa na kipimo. Akanifungia namba. Siku mbili baadaye tangazo lilelile, picha zilezile, limewekwa na jina jingine kwenye grupu la Korogwe.

Kwa hiyo ukitaka kununua, nenda dukani na sproketi yako ya zamani mkononi. Zilaze moja juu ya nyingine: matundu ya bolti yakutane, tundu la katikati likutane, unene ulingane. Hesabu meno kwa kidole, weka alama ya kalamu jino la kwanza usije ukalirudia. Cheni iwe na klipu moja, na ukiilaza mezani uinyooshe, maungio 20 ya 428 lazima yawe milimita 254. Mpya ikizidi hapo si mpya. Muombe muuzaji ruhusa ya kupitisha tupa ndogo kwenye ncha ya jino moja. Wa haki atakuruhusu, wapo hapahapa Tanga, na wanakupa risiti ya EFD bila kuombwa mara mbili. Kama ni wa kutumiwa kwa basi, lipa baada ya kufungua boksi. Akikataa, acha. Wakati wa kufunga, upande wa klipu uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda, na cheni icheze kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa inakufa haraka kuliko iliyolegea.

Kwa mliokwisha kupigwa: tunzeni boksi, ujumbe wa malipo na sauti zake, msifute chochote. Namba ya tapeli inatumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Nendeni polisi pia hata kama hela ni ndogo. Mimi nikiwa peke yangu naonekana mteja aliyegombana na muuzaji. Tukifika watano wenye sproketi zenye namba iliyofutwa kwa grainda, maneno yanakuwa mengine.

Mzee anaendelea vizuri, nimepita kwake juzi, ameanza kutembea bila fimbo. Ile ya nyuma yenye meno 43 iko kijiweni kwetu Ngamiani, tumeitundika kwenye msumari wa mwarobaini pamoja na tupa. Anayetaka kuona aje aipitishe mwenyewe, kisha aende akaijaribu na ya kwake.