Chati ya ndege mbuai: picha safi, ukoo umekosewa

Inauzwa shilingi 650 mjini Nakuru, saizi ya A2, imepigwa lamineti. Picha ni nzuri. Mkia mwekundu wa ndege mbuai Buteo augur, yule wa kreta ya Menengai, umetoka barabara.

Shida iko kwenye vichwa vya makundi. Kozi wamewekwa oda (kundi la familia zenye undugu) moja na tai na mwewe, Falconiformes, mpangilio wa zamani. Uchambuzi wa jeni wa 2008 ulionyesha kozi wana undugu wa karibu zaidi na kasuku na ndege waimbaji. Mdomo uliopinda na kucha kali vimeletwa na kazi ya kuwinda, si ukoo. Falconiformes sasa ina familia moja tu, Falconidae. Tai, mwewe na tumbusi wetu wako oda ya Accipitriformes, pamoja na ndege karani, mwenye familia yake, Sagittariidae. Bundi wametengwa sawasawa.

Tai mla samaki ameandikwa Haliaeetus vocifer. Orodha mpya za majina ya ndege zinasema Icthyophaga vocifer, ila hapo mchapishaji asilaumiwe sana.

Mwalimu atakayeinunua arekebishe vichwa vya makundi kwa maka pen isiyofutika. Lamineti imekatwa usawa na karatasi, kwa hiyo unyevu utaingia pembeni: ziba kingo kwa selotepu kabla ya kutundika.