Nimesoma chuo kikuu nina miaka 51: mafunzo ya sabuni ya mwani

Mimi ni mkulima wa mwani hapa Jambiani. Skuli niliishia darasa la saba. Mwaka jana chuo kikuu kimoja (jina nalisitiri, maana nina lawama nao kidogo) kilileta tangazo kwa sheha: mafunzo ya wiki sita ya sabuni ya mwani, ada shilingi 30,000. Nikajiandikisha. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mwani wa biashara ulianza pwani yetu hii mwaka 1989, nami nikimfuata mama baharini. Tukipanda kotonii, aina ya mwani yenye bei. Maji yakaanza kupata joto, kotonii ikawa inapauka, inalainika, inakatika kambani. Wengi tumebaki na spinosumu, aina nyengine ya mwani, na ukiiuza kavu kwa kilo faida anaipata mwengine. Kuisaga na kuitia kwenye sabuni si jambo jipya: Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo hapa Unguja, amewafundisha wanawake wengi. Mimi zamu hiyo ilinipita, nikajifundisha mwenyewe kwa kuona.

Nikapima soda, ile kali ya kutengenezea sabuni, kwa kikombe. Sabuni ikamchubua jirani yangu mikono, na mpaka leo akiniona na kipande anaificha ndani ya kanga.

Siku ya kwanza mwalimu, kijana rika la mwanangu wa pili, aliweka mizani mezani. "Mama, hapa hatukadirii." Kumbe kila mafuta yana kipimo chake cha soda, ya nazi, kilo moja haitaki zaidi ya gramu 170 na kitu. Tena soda ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukigeuza, ukamimina maji juu ya soda, huchemka ghafla ikakurukia usoni. Halafu sabuni iachwe wiki nne ndipo itumike. Yangu nilikuwa naiuza siku ya tatu! Kwa somo hilo peke yake ada yangu imerudi.

Sasa lawama. Darasa lilipangwa Jumanne na Alkhamisi saa 3 asubuhi, iwe bamvua, yaani siku za maji kujaa na kutoka sana, isiwe bamvua. Kwetu bamvua maji hutoka asubuhi, saa 4 pwani kavu, na hapo ndipo mtu afunge mbegu, akaze tai-tai, vijikamba vya kufungia mbegu, apige vijiti upya. Akikosa siku hizo, maji mafu, yale yasiyotoka sana, hayamngoji. Wiki ya pili tulihudhuria wanne kati ya 19. Ofisi ya chuo ikaandika kwamba kina mama "wameacha masomo".

Nikampigia mwalimu. "Mwanangu, hatukuacha. Tuko baharini, njoo utuone." Akaja kweli, suruali ameikunja magotini, akakanyaga shokomzoba, yule mdudu wa baharini mwenye miiba, maskini, tukamtoa miiba mpaka jua likawaka. Tangu siku hiyo wiki za bamvua tulisoma alasiri, na watu wakarudi 17.

Slaidi zilikuwa za Kiingereza. Aliziona sura zetu, akazima mashine, akafundisha kwa mdomo na mikono; masomo yakawa matamu zaidi. Cheti nacho ni cha Kiingereza, nimekitundika ukutani. Nilipouliza kama kitanisogeza kwenye masomo mengine, jibu lilizunguka. Hapo sijaridhika. Chuo Kikuu Huria kinasomesha watu wazima tangu 1994 bila ya kuwatoa majumbani mwao, basi ngazi ya kutufikisha huko ingeanzia kwenye mafunzo kama haya.

Maksi: 7 kwa 10. Mwalimu peke yake ningempa 9.

Awamu ya pili wanasema itakuwa ya vifungashio. Nimeshawapelekea ratiba ya maji ya miezi miwili, nimeiandika kwa mkono, siku za bamvua nimezipigia mstari mwekundu.