American Lock 1100: kufuli kaidi kwa wapenda kuchokonoa

Kwa aliyekwisha kuzoea kuchokonoa makufuli mepesi (kuyafungua bila ufunguo, kwa vyuma vyembamba), hili ndilo ningempa. Bodi ni ya alumini, ndani mna pini 5 tu (vijiti vinavyoizuia silinda, ile sehemu inayozungushwa na ufunguo), lakini maumbo yake ndiyo kazi: baadhi zina kiuno chembamba, nyingine zimechongwa mikato midogo kama meno ya msumeno. Unainua pini, inalia “tik”, silinda inageuka kidogo, unadhani imekubali. Bado. Kiuno kimenasa ukingoni, na ukikaza zaidi hutoki. Legeza taratibu kidole kinachokaza silinda huku ukiendelea kuisukuma pini ileile, mpaka uhisi silinda ikirudi nyuma kidogo. Hisia hiyo naipenda kuliko hata kufunguka kwenyewe! Zile za mikato ni ngumu zaidi, maana kila mkato una “tik” yake.

Uzuri mwingine, linafumuliwa: likiwa wazi, unalegeza skrubu iliyo ndani ya tundu la upinde (kile chuma kilichopinda cha juu), unatoa silinda, unapunguza pini na kuanza na chache. Tumia lako mwenyewe, tena lisilolinda kitu, kwa sababu mazoezi huchakaza pini na springi.

Nalipatia nyota 5. Anayeanza kabisa atangulie na lenye pini za kawaida.