Bomba la PE100 la milimita 63, daraja la PN 10: tathmini baada ya matumizi

Nililinunua bomba hili la plastiki ya polithini (ndiyo PE100), lenye kipenyo cha nje cha milimita 63, ili kupandisha maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi lililo mita 45 juu ya pampu, na kwa kazi hiyo halijaniangusha. Maandishi yaliyochapwa ubavuni yanasomeka vizuri, jambo ambalo si dogo, kwa kuwa humo ndimo mnunuzi anapopata kila anachohitaji. PN 10 maana yake ni kwamba bomba linastahimili shinikizo la baa 10 mfululizo, maji yakiwa na nyuzi joto 20 za Selsiasi. Na kwa kuwa kila mita 10 za kimo huzaa takriban baa moja, mzigo wangu wa kudumu haufiki baa 5.

Mbona basi sikuchukua daraja la chini? Ni kwa sababu valvu ikifungwa ghafla, shinikizo hupanda kwa kishindo, na plastiki ikipata joto hulegea: kwenye nyuzi 40, bomba la aina hii hubakiwa na takriban robo tatu tu ya uwezo wake. Langu limelala juani sehemu ya njia.

Toleo la PN 16 lina ukuta wa milimita 5.8 badala ya 3.8, lakini kipenyo cha nje ni kilekile, hivyo nafasi ya maji hupungua. Kwangu lingekuwa uzito wa bure. Kasoro niliyoiona ni ukaidi wa koili wakati wa kuikunjua.